Ulimi Haupimi Nguvu ya Pombe

Katika ukurasa huu wa afya, leo tutazungumza juu ya pombe. Ubaya wa ulevi umekwisha kuusikia mara nyingi, kwa hiyo hatutaanza na huo. Tutaanza na ubishi. Ubishi wenyewe ni huu: pombe ipi ni nzuri kuliko nyingine?

Ukipita karibu na kilabu cha pombe wakati wa jioni utausikia ubishi huo. Mchaga atakuambia kuwa hakuna kinywaji kama mbege. Mhehe atakuambia ungoje kwanza mpaka uonje ulanzi wa masika. Mhaya atasifu rubisi. Mnyamwezi atasifu wanzuki. Mtu wa Mbeya atasifu kimpumu. Mtu wa pwani atacheka na kusema kuwa wote hawajanywa, kwa sababu hawajui mnazi wa asubuhi. Na mwenye fedha ya bia ya chupa atasema kuwa pombe hizo zote ni uji tu. Mwishowe italetwa kata ya hii na kikombe cha ile. Watu wataonja, watatikisa vichwa, na kila mtu atatoa maoni yake.

Ubishi huu si mbaya. Ni mazungumzo ya watu waliomaliza kazi. Tena una elimu ndani yake, maana anayejua pombe ya kwao anajua pia mazao ya kwao. Lakini sisi tunaofanya kazi katika zahanati tunaona jambo moja ambalo wabishi hawalisemi. Ulimi unajua utamu, uchachu na uchungu. Mambo mawili haujui. Haujui nguvu ya pombe, na haujui sumu iliyomo. Na mambo hayo mawili ndiyo yanayoleta wagonjwa kwetu, na wengine ndiyo yanayowapeleka kaburini.

Basi tuangalie mambo haya moja baada ya jingine.

POMBE HUTOKA WAPI?

Pombe zote unazozijua zina asili moja. Asili hiyo ni sukari. Katika sukari huingia chachu. Chachu ni vijidudu vidogo sana visivyoonekana kwa macho. Vijidudu hivi hula sukari. Vikila sukari hutoa vitu viwili: hewa na kilevi. Hewa ndiyo inayotoa povu na mapovu unayoyaona yakipanda juu ya mtungi. Kilevi ndicho kinachokulewesha. Wataalamu hukiita alkoholi.

Tofauti ya pombe hutokana na mahali sukari ilikotoka.

Katika mnazi, sukari imo katika maji ya mnazi wenyewe. Mgema hupanda, hukata kole na kukinga maji yake. Maji hayo ni matamu yakiwa mapya. Yakikaa saa chache huanza kulewesha. Yakikaa siku kadhaa huwa siki.

Ulanzi nao ni hivyo hivyo. Katika sehemu za Iringa na Njombe, wakati wa mvua, watu hukata ncha za mianzi michanga na kukinga maji yake. Ulanzi wa leo ni mtamu. Ulanzi uliolala ni mkali.

Katika mbege na rubisi, sukari hutoka katika ndizi mbivu. Wachaga huchemsha ndizi, halafu huchanganya na kimea cha ulezi. Wahaya hukamua maji ya ndizi mbivu, halafu hutia mtama uliokaangwa na kusagwa.

Katika wanzuki, sukari hutoka katika asali. Siku hizi wengine hutumia sukari ya dukani.

Katika komoni na kimpumu, kazi ni kubwa zaidi, kwa sababu nafaka haina sukari nyingi. Nafaka ina wanga. Chachu haiwezi kula wanga. Ndiyo maana mpishi huloweka ulezi mpaka uote, kisha huuanika na kuusaga. Hicho ndicho kimea. Ndani ya kimea kuna kitu kinachogeuza wanga kuwa sukari. Sukari ikipatikana, chachu hupata chakula chake.

Bia ya chupa hutengenezwa kwa njia hiyo hiyo. Nafaka yake ni shayiri, nayo huoteshwa iwe kimea. Kwa hiyo anayeidharau komoni na kuisifu bia hajui kuwa hao ni ndugu.

LADHA HUTOKA WAPI?

Mtu akionja pombe na kusema "hii ni kali," mara nyingi anasema juu ya ladha tu. Ladha ina sababu zake.

Uchachu hutokana na vijidudu vya namna nyingine, jamaa ya vile vinavyogandisha maziwa. Pombe inaweza kuwa chachu sana na bado ikawa na kilevi kidogo.

Uchungu wa mbege hutokana na gome la mti uitwao msesewe. Uchungu wa bia ya chupa hutokana na maua ya mmea uitwao hopsi. Uchungu huo si kilevi.

Utamu ni sukari ambayo chachu haijaimaliza. Na hapa ndipo penye mtego. Pombe tamu humdanganya mnywaji. Huiona kama maji ya matunda. Hunywa upesi, na hunywa nyingi. Kumbe kilevi kimo, kimefunikwa na utamu.

Rangi nayo haisemi kitu. Bia nyeusi si lazima iwe na nguvu kuliko bia ya rangi ya dhahabu. Rangi hutokana na jinsi kimea kilivyokaushwa au kukaangwa.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, unapobishana juu ya uchachu, uchungu, utamu na rangi, endelea tu. Mambo hayo ulimi na macho vinayajua. Lakini usiseme kuwa umeipima pombe. Bado.

JAMBO LA KWANZA: NGUVU

Nguvu ya pombe hupimwa kwa kuhesabu. Tunauliza: katika sehemu 100 za kinywaji hiki, sehemu ngapi ni kilevi?

Bia nyingi za chupa zina kilevi karibu sehemu 5 katika 100. Kiasi hicho huandikwa kwenye chupa. Wewe unayejua kusoma, usome. Hiyo ni faida mojawapo ya kisomo.

Pombe za kienyeji hazina maandishi. Nguvu yake hubadilika. Nyingine zina sehemu 2 au 3 katika 100. Nyingine hufika 7 au 8. Hata pombe ya mtungi mmoja hubadilika. Ya asubuhi si ya jioni, na ya leo si ya kesho, kwa sababu chachu bado iko kazini. Ndiyo maana mtu husema, "Jana nilikunywa vikombe vitano nikaenda nyumbani vizuri. Leo nimekunywa vitano vile vile nikaanguka mtaroni." Vikombe vilikuwa vile vile. Pombe haikuwa ile ile.

Gongo ni jambo jingine kabisa. Chachu haiwezi kutengeneza kilevi kingi sana, kwa sababu kikizidi chachu yenyewe hufa. Basi watu huchukua pombe iliyokwisha kuwa tayari na kuichemsha. Kilevi huchemka kwenye joto la digrii 78. Maji huchemka kwenye digrii 100. Kwa hiyo kilevi hutangulia kutoka kama mvuke. Mvuke ukipozwa huwa maji maji tena. Hiyo ndiyo gongo. Inaweza kuwa na kilevi sehemu 30, 40 au zaidi katika 100. Nchini Tanzania kupika gongo bila leseni ni kosa la jinai.

Sasa tufanye hesabu. Chukua kalamu yako. Lita moja ina mililita 1,000.

Bia chupa moja ya nusu lita ni mililita 500. Nguvu yake ni 5 katika 100. Kilevi kilichomo ni mililita 25.

Mbege lita moja ni mililita 1,000. Tuseme nguvu yake ni 5 katika 100. Kilevi kilichomo ni mililita 50. Ni sawa na chupa mbili za bia.

Gongo glasi moja ni mililita 250. Tuseme nguvu yake ni 40 katika 100. Kilevi kilichomo ni mililita 100. Ni sawa na chupa nne za bia.

Umeona? Glasi moja, chupa nne. Wawili wakikaa meza moja, mmoja akamaliza chupa moja ya bia na mwingine akamaliza glasi moja ya gongo, kila mmoja ataona kuwa amekunywa "kimoja tu." Lakini mmoja amekunywa mara nne ya mwenzake.

Kilevi kikiingia mwilini, ini ndilo linalokiondoa. Ini hufanya kazi polepole. Kwa kilevi cha chupa moja ya bia ya nusu lita, ini huhitaji saa mbili mpaka tatu. Kwa kilevi cha chupa nne huhitaji saa nane mpaka kumi na mbili. Kahawa haiharakishi kazi hiyo. Supu haiharakishi. Ndimu haiharakishi. Kuoga maji ya baridi hakuharakishi. Kwa hiyo aliyekunywa mpaka usiku wa manane, asubuhi akapanda pikipiki kupeleka abiria, bado ana pombe mwilini ingawa amekwisha kuoga na kuvaa shati safi.

JAMBO LA PILI: SUMU

Hili ni kubwa kuliko la kwanza. Pombe inaweza kuwa na ladha nzuri, ikasifiwa na kila mtu, na ikaua.

Sumu huingia kwa njia tatu.

Njia ya kwanza ni nafaka mbovu. Watu wengine hufikiri kuwa mahindi yenye ukungu hayafai kwa ugali lakini yanafaa kwa pombe. Husema, "Yatachemka tu." Hili ni kosa. Ukungu huacha sumu ndani ya punje, na moto wa jikoni haumalizi sumu hiyo. Mwaka 2004 mashariki ya Kenya watu 125 walikufa kwa kula mahindi yenye sumu ya ukungu. Sumu hiyo huharibu ini. Na pombe yenyewe huharibu ini. Anayekunywa pombe ya mahindi yenye ukungu analipiga ini lake kwa fimbo mbili.

Mfano mwingine ulitokea Msumbiji. Mwezi wa Januari mwaka 2015, huko Chitima katika mkoa wa Tete, watu walikunywa pombe ya kienyeji iliyotokana na msiba. Watu 75 walikufa. Mwanzoni ilisemwa kuwa pombe ilitiwa nyongo ya mamba. Wataalamu walichunguza, na hawakuona nyongo ya mamba. Waliona kuwa unga wa mahindi uliotumika ulikuwa umeharibika, na bakteria walikuwa wameingia humo na kutengeneza sumu kali. Sumu hiyo haiharibiwi na moto. Hapakuwa na mchawi wala mamba. Ulikuwa unga mbovu.

Njia ya pili ni chombo. Pombe nyingi ni chachu, na kitu chachu hula bati na chuma. Pombe ikilala katika ndoo ya bati, madini ya bati hilo huingia katika pombe na kuleta kutapika na kuumwa tumbo. Huko kusini mwa Afrika madaktari waligundua kuwa pombe iliyopikwa katika mapipa ya chuma kwa miaka mingi ilijaza chuma katika maini ya wanywaji na kuwaletea ugonjwa. Chombo kibaya kuliko vyote ni pipa au galoni lililowahi kuwa na dawa ya kuulia wadudu. Kuliosha mara mia hakutoshi. Chombo cha namna hiyo kisitumike hata kwa maji ya kuoga.

Njia ya tatu ni kuchanganya. Wauzaji wengine wenye tamaa hutia spiriti ya viwandani katika pombe kali ili ilevye upesi. Spiriti hiyo huitwa methanoli. Hutumika viwandani, na si kinywaji. Ladha yake na harufu yake hufanana na kilevi cha kawaida. Kiasi kidogo hupofusha macho. Kiasi kikubwa kidogo huua. Jijini Nairobi mwezi wa Novemba mwaka 2000, pombe yenye methanoli iliua zaidi ya watu 100, na wengine wakapofuka. Nchini Uganda mwaka 2010, na tena nchini Kenya mwaka 2014, makumi ya watu walikufa kwa sababu hiyo hiyo. Wote hao walionja kabla ya kunywa. Ulimi wao haukuwaambia kitu.

KIBERITI SI KIPIMO

Wapo wanaosema, "Mimi sinywi gongo mpaka niipime." Hutia gongo kidogo kwenye kijiko na kuiwasha kwa kiberiti. Ikiwaka moto wa buluu husema ni safi.

Ndugu msomaji, tafadhali lielewe vizuri jambo hili, na umwambie jirani yako. Methanoli nayo huwaka. Moto wake nao ni wa buluu, hafifu. Kwa hiyo kiberiti kinakuambia tu kuwa kuna kitu kinachowaka. Hakikuambii kuwa ni salama. Mafuta ya taa nayo huwaka, wala hatuyanywi.

Hali kadhalika, usiamini kuwa "mwenyewe muuzaji anakunywa, kwa hiyo ni salama." Na usiamini kuwa ya jana ilikuwa nzuri. Wahenga walisema, mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Tembo ulilolisifu jana silo unalouziwa leo.

DALILI ZA HATARI

Sumu ya methanoli haionekani mara moja. Mtu anaweza kulewa kidogo, akalala, akaamka. Halafu, baada ya saa 12 au 24, mambo huanza. Dalili ni hizi:

1. Kichwa kinauma sana.
2. Anatapika na tumbo linauma.
3. Macho yanaona ukungu, au hayaoni kabisa.
4. Anapumua haraka haraka.
5. Anachanganyikiwa au anapoteza fahamu.

Ukiona dalili hizi usiseme, "Ni pombe tu, itamtoka." Mpeleke zahanati au hospitali mara moja, hata kama ni usiku. Katika hospitali kubwa iko dawa ya kuzuia sumu hiyo, lakini haisaidii sana kama mgonjwa amechelewa. Waeleze waganga amekunywa nini, wapi na saa ngapi. Usiogope kusema kuwa ilikuwa gongo. Mganga anataka kuokoa maisha. Wengine waliokunywa mahali hapo watafutwe nao waende, hata kama bado wanajisikia vizuri.

Mtu aliyelewa hata hasikii akiitwa, mlaze ubavu, si chali. Akilala chali anaweza kutapika na matapishi yakamziba pumzi. Usimnyweshe maziwa, mafuta wala maji. Usimtie vidole kooni ili atapike. Usimwache peke yake.

MANENO YASIYO NA UKWELI

Katika ubishi wa pombe husemwa maneno mengi. Mengine si ya kweli.

"Pombe huongeza damu." Si kweli. Mboga za majani, maharage, nyama na dagaa ndivyo vinavyosaidia damu. Ulevi wa muda mrefu huipunguza.

"Gongo huua minyoo na malaria." Si kweli. Dawa za minyoo na malaria ziko zahanati.

"Pombe ya ulezi huongeza maziwa ya mama." Si kweli. Kilevi hupita katika maziwa na kumfikia mtoto. Mama anywe uji wa ulezi, ale vizuri na anywe maji ya kutosha. Na mama mja mzito asinywe pombe kabisa. Kilevi humfikia mtoto tumboni, na mtoto anaweza kuzaliwa mdogo au akili yake isikue vizuri.

"Kikombe kidogo humlaza mtoto vizuri." Hilo ni jambo la hatari sana. Mwili wa mtoto ni mdogo. Kilevi kinaweza kupunguza sukari katika damu yake, akazirai, akafa.

"Bia ya chupa haina madhara kwa sababu ya kiwandani." Si kweli. Kiwanda huondoa uchafu. Hakiondoi kilevi. Na kilevi chenyewe ni miongoni mwa vitu vinavyoleta saratani ya kinywa, ya koo, ya ini, ya utumbo na ya matiti. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilieleza wazi kuwa hakuna kiasi cha pombe ambacho kinaweza kusemwa kuwa hakina madhara kwa afya. Kadiri unavyopunguza ndivyo unavyopunguza hatari. Asiyekunywa asidanganywe aanze.

MASWALI MATANO KABLA YA KUONJA

Tunajua kuwa wako watakaoendelea kunywa. Basi kwao tunasema hivi: kabla ulimi haujaulizwa, kichwa kiulize kwanza. Uliza maswali haya matano.

1. Imepikwa kwa kitu gani? Kama ni nafaka, je, ilikuwa safi au ilikuwa na ukungu?
2. Imepikwa na kulazwa katika chombo gani? Mtungi, kibuyu na ndoo ya plastiki ya chakula ni afadhali. Bati, pipa la chuma na galoni la dawa, kataa.
3. Maji yake yametoka wapi? Pombe nyingi huchemshwa, lakini baadaye hutiwa maji mabichi. Maji machafu, kata iliyoshikwa na mikono michafu, na nzi huleta kuhara na kipindupindu. Kila mtu awe na kikombe chake kilichooshwa.
4. Imelala siku ngapi? Kadiri inavyokaa ndivyo nguvu inavyoweza kuzidi.
5. Imechanganywa na nini? Kama muuzaji hawezi kujibu, au ni gongo, acha. Afadhali ucheke ubishi wa wenzako ukiwa na macho yako mawili.

Tena, kula kwanza. Kunywa maji. Usishindane kunywa. Usinywe ukiwa unatumia dawa za kifua kikuu, za kifafa au za usingizi. Na kama umekuwa ukinywa sana kila siku kwa muda mrefu na sasa unataka kuacha, hongera, lakini usiache ghafla bila kumwona mganga. Watu wengine wakiacha ghafla hutetemeka, huona vitu visivyokuwapo, na hata hupata degedege. Njoo zahanati tukusaidie uache kwa usalama.

KWA WAPISHI NA WAGEMA

Akina mama wengi hupata fedha ya daftari za watoto kwa kuuza pombe. Hatuwadharau. Tunawaomba mambo machache. Chagueni nafaka, mtupe yenye ukungu. Msiwape hata kuku. Tumieni maji yaliyochemshwa. Funikeni mitungi. Msiuzie watoto. Na mpimieni mtu kwa haki ya afya yake: aliyekwisha kulewa, mwambieni aende nyumbani.

Pia tukumbuke chakula. Tuseme familia ina watu sita, na kila mtu anakula nusu kilo ya unga kwa siku. Hizo ni kilo tatu kwa siku. Debe la mahindi la kilo 18 litawalisha siku sita. Likienda lote kwenye mtungi wa pombe, siku hizo sita zitatoka wapi mwezi wa Februari? Swali hili lijibiwe nyumbani, na baba na mama pamoja, kabla kimea hakijalowekwa.

KINYWAJI CHA KUSHINDANISHA

Ikiwa unapenda kuonja na kutoa maoni, kiko kinywaji cha kushindanisha ambacho mzee na mtoto wanaweza kukaa meza moja. Ni togwa. Togwa hupikwa kwa uji wa mahindi au mtama na kimea cha ulezi. Kimea huufanya uji kuwa mwepesi na mtamu. Ukiachwa kidogo huchachuka, na uchachu huo huzuia vijidudu vingi vinavyoleta kuhara. Nywa ingali mpya, maana ikikaa mno nayo huanza kuwa pombe. Ya mahindi na ya mtama ipi ni tamu? Ya Songea na ya Morogoro ipi ni laini? Bishaneni mpaka jua lizame. Kesho yake wote mtaamka na kwenda shamba.

Ndugu msomaji, ladha ni ya ulimi, nawe una haki ya kuisifu ya kwenu. Lakini nguvu inataka hesabu, na sumu inataka kuuliza. Ulimi peke yake usipewe kazi hiyo.

MASWALI YA KUJADILIANA DARASANI

1. Taja pombe tatu za sehemu yenu. Sukari ya kila moja hutoka wapi?
2. Glasi ya gongo ya mililita 200 ina nguvu 30 katika 100. Ina kilevi mililita ngapi? Je, ni zaidi ya chupa mbili za bia?
3. Kwa nini kupima gongo kwa kiberiti ni hatari?
4. Jirani amekunywa pombe jana. Leo anatapika na anasema haoni vizuri. Utafanya nini?
5. Mahindi yenye ukungu katika kijiji chenu hupelekwa wapi? Yapelekwe wapi?